Jumamosi Tuliyopanga Kwenda Kasri

Mama yangu alizaliwa Fort Portal, chini ya kilima chenye kasri la mfalme wa Tooro. Baba yake alikuwa mkata majani wa kasri. Alianzia langoni na fyekeo lake, akapanda taratibu mpaka kwenye ukuta wa nyumba, na alipofika juu, majani ya langoni yalikuwa yameshaota tena, akashuka kuanza upya. Aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake mpaka falme zilipopigwa marufuku. Mama ndiye aliyempelekea chakula cha mchana. Aliujua mlango wa nyuma na jiwe walilokalia watumishi, na siku moja, akiwa na miaka tisa hivi, aliruhusiwa kuchungulia ndani. Alisema sakafu iling'aa mpaka akaogopa kuikanyaga.

Hayo alitusimulia Luzira, pembezoni mwa Kampala, katika nyumba za askari magereza, ambako nilizaliwa na kukulia. Baba alikuwa askari wa gereza, mtu wa kaskazini. Yeye hakujua Kitooro, mama hakujua lugha yake, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili kama nyumba nyingi za pale, kile Kiswahili chetu cha kambini kisichojali sana ngeli. Mimi nilikua najua Kiswahili, Kiganda cha sokoni na Kiingereza cha shule. Kitooro nilijua salamu tu.

Baba alipofariki, ndugu zangu walikuwa wameshaolewa mbali, tukabaki mimi na mama. Tulipanga vyumba viwili hapo hapo Luzira, karibu na barabara ya Port Bell. Nilikuwa nimepata kazi ya mapokezi katika ofisi moja Nakasero, nikipokea simu na kuwaonyesha wageni viti vya kukalia. Jioni moja nilirudi nikamkuta mama ameacha kumenya matoke, kisu mkononi, sikio kwenye redio.

"Wanasema lile kasri limeezekwa tena," akaniambia.

Katika miaka ya vurugu, watu wenye bunduki walikuwa wameliingia wakang'oa mabati, milango, vitasa, hata mabomba. Kwa miaka mingi, hata baada ya falme kurudishwa, lilisimama kilimani bila paa, mvua ikiingia. Mama alikuwa ameliona katika hali hiyo mara moja tu.

"Nataka kuliona," akasema. Kisha, kabla sijajibu, "Lakini tunakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi silali kule."

Sikuhitaji kumwuliza sababu, kwa kuwa nilikuwapo.

Babu alifariki mwaka wa pili baada ya vita vya miaka hiyo kwisha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mama alinichukua mimi peke yangu kwenda msibani. Baba alibaki kazini. Tulifika jioni tukiwa tumepigwa vumbi, mama amebeba mkeka wake wa kulalia. Kaka yake, ambaye ni mjomba wangu, alisimama mlangoni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na hata siku ile hakuipandisha. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Mke wa khaki halali katika nyumba hii. Watu wa khaki walivunja kila kitu mzee alichokitunza. Alikufa akitazama kile kilima."

Mama alimwambia mume wake ni askari wa gereza, hajawahi kufika Fort Portal hata siku moja, hajawahi kuchukua hata msumari. Mjomba akasema khaki ni khaki. Waombolezaji walikuwa wamekaa uani, wakisikia yote. Nakumbuka mwanamke mmoja aliinamisha kichwa akaanza kuchambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Tulilala kwa jirani. Kesho yake tukazika tukiwa tumesimama nyuma kabisa, na kaburi lilipofunikwa tu, mama akanishika mkono tukashuka barabarani. Hakukuwa na basi saa ile. Tulipanda lori la mkaa mpaka Mubende. Mama hakulia. Alikuwa akinifuta uso kwa kitenge chake kila baada ya muda, na kila alipofuta alinipaka mkaa zaidi.

Tangu siku ile hakutamka jina la kaka yake. Ilikuwa miaka kumi na minne.

Kwa hiyo safari yetu ilibidi iwe ya siku moja, na safari ya siku moja kwenda Fort Portal wakati ule ilitaka mipango. Lami ilikuwa nzuri mpaka Mubende, mbele yake barabara ilikuwa bado inatengenezwa, na mvua ikinyesha magari yaliteleza kama sabuni. Basi halikufaa, maana lilisimama kila senta, kila kijiji chenye maduka. Mama akamwendea mzee mmoja jirani yetu, askari magereza mstaafu aliyekuwa na gari dogo jeupe, akakubali kutupeleka. Wakakaa barazani na kupanga kama watu wanaopanga harusi. Tutoke saa kumi alfajiri. Chai tunywe Mubende. Tufike saa nne, tupande kilimani, tukae mpaka saa saba, halafu tuanze kurudi ili giza litukute tumeshavuka sehemu mbaya.

Mama alinunua daftari la shule akaniambia niandike. Chupa ya chai. Chapati kumi na mbili. Mayai ya kuchemsha. Mwavuli. Sabuni na kitambaa cha kunawia, maana hatuwezi kumfikia mfalme na vumbi miguuni. Nilimkumbusha kwamba mfalme huenda hata hayupo. Akasema hilo halimhusu. Gomesi lake la rangi ya machungwa alilipeleka kwa fundi likapunguzwa, kwani alikuwa amekonda tangu msiba wa baba. Jioni alikuwa akikaa na kunieleza tutakapopita: kwanza lango, halafu njia inazunguka hivi, halafu upande huu unaona mji wote, na kukiwa hakuna ukungu unaona milima. Alichora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza. Sikuwa nimemwona hivyo kwa muda mrefu. Alianza hata kuimba akifua.

Ni furaha hiyo iliyonidanganya. Nilijiambia kwamba mtu anayetamani hivi kurudi kwao hawezi kuwa anatamani nyumba ya mfalme peke yake. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilidhani naelewa mambo yaliyowashinda watu wazima. Nikiwa ofisini, wakati wa chakula cha mchana, niliandika barua kwa mjomba. Niliandika kwa Kiswahili. Nilimweleza mimi ni nani, kwamba baba amefariki, kwamba tutakuja Jumamosi fulani kuona kasri, na kwamba kama angependa kumwona dada yake basi awe langoni saa nne asubuhi. Nilishuka mpaka kituo cha mabasi, nikampa kondakta wa basi la Fort Portal, naye akasema mwalimu huyo anamfahamu, alimfundisha.

Jibu lilikuja baada ya siku tano, kwa kondakta yule yule. Lilikuwa limeandikwa kwa Kitooro, kurasa mbili, mwandiko wa ubaoni ulionyooka. Sikuelewa kitu. Sasa naona kwamba hakuwa akiniandikia mimi. Lakini siku ile niliona ni tatizo la kutafutiwa ufumbuzi tu, nikaenda soko la Nakasero kwa mama mmoja muuza mboga, Mtooro, ambaye nilizoea kununua kwake nyanya na mboga za dodo. Akafuta mikono, akaishika barua mbali na macho yake, akanisomea kwa Kiswahili kipande kwa kipande.

Ilianza na empaako ya mama, lile jina la heshima ambalo Watooro huitana wanaposalimiana, na ambalo Kampala hapakuwa na mtu wa kumwitia. Mjomba aliandika kwamba ameshastaafu ualimu na miguu inamsumbua, lakini atakuja. Atakuwa langoni kabla ya saa nne. Kama dada yake hatataka kuzungumza naye, atasimama kando amwone tu akipita. Kuhusu ile siku ya msiba, alisema hataandika, kwa sababu hayo si ya kuandikwa, ni ya kusemwa mtu akiwa amesimama mbele ya mwenzake.

Muuza mboga alinirudishia barua. "Hii umpe mama yako asome mwenyewe," akasema.

"Nitampa kule kule," nikajibu. "Namwandalia."

Alinitazama, kisha akarudi kupanga mafungu yake ya nyanya.

Alhamisi kabla ya safari mama alikuja mjini kununua vitu vilivyobaki. Nilitoka ofisini nikamkuta tukaenda naye sokoni. Sikufikiria. Nilizoea kupita njia ile, na miguu ikanipeleka pale pale. Yule mama alimsikia mama yangu akiuliza bei ya vitunguu, akaitambua lafudhi, akamsalimu kwa Kitooro. Mama akafurahi. Wakaulizana empaako, wakacheka, wakashikana mikono juu ya mafungu ya nyanya. Nilisimama nyuma nikiwa na mfuko, nikitabasamu kama mjinga. Halafu nikaona mkono wa mama umeacha kutikisika. Muuza mboga alikuwa bado anaongea, kwa furaha tu, na katika maneno yake nikalisikia lile la "kaka", ambalo hata mimi nililijua.

Mama aligeuka. "Umemwandikia nani?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Mama, nilitaka mkutane. Yeye mwenyewe anataka. Barua yake ninayo."

"Nimekuuliza umemwandikia nani."

"Mjomba."

Hakunipigia kelele. Alivirudisha vitunguu kimoja kimoja kwenye fungu lake, akamwomba radhi yule mama kwa kumpotezea muda, akaanza kutembea kuelekea kwenye taksi. Nilimfuata na mfuko. Ndani ya taksi tulikaa viti tofauti. Tulipofika nyumbani nilimtolea ile barua nikaiweka mezani. Hakuigusa.

"Mimi nilitaka kwenda mahali baba yangu alipofanya kazi," akasema. "Niende kwa miguu yangu, na macho yangu, nirudi. Sasa umenipangia kesi. Nitafika pale nimevaa vizuri, nisimame mbele ya mtu aliyenifukuza, na wewe unaangalia."

"Anaomba msamaha, Mama."

"Aliniambia mbele ya watu. Watu wale wako wapi sasa?"

Alivaa kandambili akaenda kwa yule mzee mstaafu kumwambia safari haipo tena, asijisumbue kununua mafuta. Alirudi, akakunja gomesi, akaliweka sanduku la chini.

Hapo ndipo pana lile ninalolijutia, na si barua. Barua niliiandika kwa upumbavu, lakini kwa nia njema. Ijumaa nilikwenda kazini kama kawaida. Basi la asubuhi la Fort Portal lilikuwa bado halijaondoka nilipopita kituoni. Nililiona, na kondakta wake alikuwa juu ya paa akifunga magodoro. Ningeweza kumwambia maneno manne tu: mwambie mwalimu asije kesho. Nilipunguza mwendo. Nilikuwa nimemkasirikia mama, nilikuwa nimeona aibu, na nilimkasirikia mjomba pia, nikiona ndiye aliyeanzisha yote. Nikajiambia kwamba akiona hatujafika saa nne, saa tano atarudi kwake. Nikajiambia pia kwamba labda mama atabadili nia usiku, na nikishatuma ujumbe nitakuwa nimeiharibu safari mimi mwenyewe. Huo ulikuwa uongo, kwa sababu gari tulikuwa hatuna tena. Nikapita.

Jumamosi tulishinda nyumbani. Mama alifua mapazia. Mimi nilipiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji kupigwa pasi. Saa nne ilipofika niliangalia saa ya ukutani, na mama akaniona nikiangalia. Mchana mvua kubwa ilinyesha Luzira, na nikawaza kama kule pia inanyesha.

Miezi saba baadaye yule kondakta alikuja ofisini kwetu, akasimama mbele ya meza yangu ya mapokezi akiwa ameshika kofia. Mwalimu amefariki, akasema, maziko ni kesho. Nilimwambia mama jioni hiyo. Akasema presha yake haitamruhusu kusafiri, ambayo ilikuwa kweli, na kwamba mimi niende. Alinipa kitenge kipya nimpelekee mjane.

Basi lilichelewa, tairi lilipasuka mbele ya Kyenjojo, na nilipofika maziko yalikuwa yamekwisha na watu wanakula. Kutoka barabarani nililiona kasri, jeupe, la mviringo, juu ya kilima. Sikupanda. Mke wa mjomba alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alinikalisha karibu naye, akanishika goti, na baada ya watu kupungua akaniambia kuhusu ile Jumamosi. Hakunisimulia kwa kunilaumu. Nadhani alidhani najua.

Mjomba alikuwa ameamka kabla ya jogoo. Alivaa suti yake ya ualimu na viatu alivyovipiga rangi tangu Ijumaa. Kwa kuwa miguu yake haikuweza kilima, alimlipa mtu wa baiskeli amsukume mpaka langoni. Siku mbili kabla alikuwa ameshazungumza na mlinzi, kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa kuingia ndani, na mlinzi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akakubali kuwafungulia ukumbi kwa dakika chache. "Alitaka dada yake akanyage ile sakafu," akasema mjane. Mjomba alikaa kwenye kiti cha mlinzi. Saa sita mlinzi alimwambia labda gari limeharibika. Akakubali kwamba limeharibika. Saa tisa ilianza mvua, akaingia kibandani, lakini akawa anatoka kila akisikia gari linapanda. Alirudi nyumbani jua likizama.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema barabara ya Mubende ni mbaya sana mwezi huu." Mjane akakunja kile kitenge mapajani. "Jumamosi iliyofuata alikwenda tena. Alidhani labda mmekosea tarehe."

Nililala nyumba ile usiku huo, au tuseme nililazwa, maana usingizi haukuja.

Niliporudi Luzira sikutaka kumficha mama tena kitu. Nilimweleza yote, hata suti, hata baiskeli, hata ile Jumamosi ya pili. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Hukumpelekea habari kwamba hatuendi?"

"Hapana."

"Mimi nilikwenda kumwambia mwenye gari. Nilijua wewe utamwambia mjomba wako. Ndiye uliyemwita."

"Nilikuwa na hasira, Mama."

"Mimi nilikuwa na hasira," akasema. "Mimi nilikuwa na haki ya kukataa, na nilikataa. Lakini kumwacha mtu mzima akae langoni siku nzima, hilo sikulifanya mimi." Akapepeta mchele mara moja, mara mbili. "Na sasa ni kama nimelifanya mimi. Amekufa akijua ni mimi."

Hajawahi kunisema tena kwa jambo hilo, na sijui kama kunisema kungekuwa nafuu. Barua ya mjomba ilikaa katika kabati la vyombo kwa wiki kadhaa, kisha siku moja haikuwapo. Sikuuliza kama aliisoma.

Siku hizi tunaishi Ggaba, karibu na soko la samaki, na mama amezeeka. Barabara ya Fort Portal ni lami tupu. Wafanyakazi wenzangu huenda na kurudi siku moja, wanapiga picha mbele ya lango, Jumatatu wananionyesha katika simu zao. Mara mbili nimemwambia mama twende, nina uwezo wa kukodi gari zuri sasa, na mara zote mbili amesema miguu haiwezi kilima. Sijamsihi.

Kilichobaki ni mjane. Baada ya mwaka mmoja nilimwandikia, nikakiri kwamba gari halikuharibika na tarehe haikukosewa, kwamba nilipita mbele ya basi nikaacha kusema. Alichelewa kujibu, nikadhani hatajibu. Kisha alipopata simu alinipigia, akaniambia tu kwamba ameipata barua yangu na kwamba mvua imekuwa nyingi. Tangu hapo hupiga Jumapili mchana. Mwanzoni nilizungumza naye mimi peke yangu. Siku moja nilikuwa nakaanga samaki, mikono ina mafuta, simu ikalia, na mama akaipokea. Wakazungumza kidogo. Jumapili iliyofuata aliisogeza simu karibu naye kabla haijalia. Wanaongea muda mrefu, kwa lugha ya kwao, na mimi hutoka nje nikawaachia chumba.